Usinianike Juani

Daftari la marehemu baba yake lilikuwa na picha mia mbili na kumi na nne, kila moja na namba yake, mahali ilipochorwa, hali ya hewa ya siku hiyo na mtu aliyeichukua. Mama Pazia alijua kwa hakika ilipo moja tu. Na hiyo moja ndiyo asiyotaka kwenda kuitazama.

Mama Pazia halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alilipata kwa kushona mapazia miaka ishirini na mbili, katika duka lenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani. Mteja akiingia, hata kiti hajapewa, anaulizwa dirisha lake linatazama wapi. Jua la asubuhi au la jioni? Maana zambarau ukiipeleka kwenye jua la jioni, mwaka hauishi imeshakuwa rangi ya majivu, kisha unarudi kumtolea fundi maneno. Mlangoni alikuwa ametundika vipande vya mfano, kila kimoja nusu amekifunika kwa kadibodi na nusu amekiacha wazi, ili mteja mbishi ainue kadibodi na ajionee mwenyewe. Katika mji ule hakukuwa na mtu aliyejua jua linavyokula rangi kumshinda yeye. Tusilisahau hilo, kwa sababu ndilo litakalomuumbua.

Baba yake alikuwa mchoraji. Asubuhi aliandika mabango ya maduka kwa rangi za mafuta, kazi iliyowalisha. Saa sita ikifika ananawa mikono kwa mafuta ya taa, anabeba ubao, kigoda cha kukunja na dumu la maji la lita tano, anapotelea vilimani. Watu wakambatiza Mzee Dumu. Huko alichora milima, mto na mabonde kwa rangi za maji, zile za visanduku vya wanafunzi, kwa kuwa duka la madaftari halikuwa na nyingine. Karatasi aliilowesha kwanza, akaibandika ubaoni kwa gundi pembeni, akaisubiri ikakamae. Rangi nyeupe ya kisandukuni hakuigusa. Nyeupe ni karatasi yenyewe, alisema, na nusu ya kazi ni kujua mahali pa kuacha kupaka. Watu hakuwachora kabisa.

"Mlima unatulia," alikuwa akisema. "Binadamu, ukishachovya brashi, keshaenda zake."

Binti yake alimpenda na alimwonea aibu. Naam, vyote viwili kwa pamoja, na asikudanganye mtu kwamba haiwezekani. Mzee Dumu akiingia katika nyumba ya watu, iwe kwa harusi au kwa msiba, hata salamu hazijaisha macho yake yameshafika ukutani. Akiona picha yake inatazamana na dirisha, anaivua msumarini na kwenda kuitundika ukumbini penye giza, karibu na mlango wa choo. Mwenye nyumba anabaki ametoa macho. Binti, akiwa na miaka kumi na miwili, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, watu watatuonaje?"

"Sisi watatuona tu," alijibu baba yake. "Mimi naihofia picha."

Kisha ikaja harusi ya binti. Upande wa wakwe walileta jokofu, wengine walileta vitanda, masufuria, seti za vikombe. Baba alikuja na kifurushi bapa kilichofungwa kwa gazeti na kamba ya katani. Wifi mmoja mwenye mdomo alikipima mkononi, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "Haya jamani, baba wa bibi harusi katuletea karatasi!" Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi naye akacheka. Hicho ndicho kilichomkaa rohoni miaka yote: kwamba na yeye alicheka, na alipogeuka akamkuta baba yake anamtazama, ametabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu na anayesema si kitu.

Kifurushi kikaingia nyuma ya kabati la nguo na hakikufunguliwa. Mwanzoni ilikuwa hasira juu ya wifi, baadaye ikawa aibu ya kutokifungua mapema, na mwisho yakawa mazoea tu.

Baba hakuwahi kuuliza kama picha ilipendeza. Aliuliza jambo moja, na aliliuliza kila binti alipokwenda kumsalimia, na hakwenda mara nyingi, maana mapazia yana msimu na wateja hawana subira. Alimsindikiza hadi getini, akasubiri afungue mlango wa gari, ndipo amuulize.

"Ile picha yako haijapauka?"

"Haijapauka, Baba. Hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Iko vilevile kama siku ya kwanza."

Mzee hutikisa kichwa, akasema "Basi vizuri," na kurudi ndani polepole. Binti alidhani ni kiburi cha fundi, anapenda kusifiwa kazi. Akamsifia miaka kumi na tisa picha asiyoijua hata ina nini. Hata wodini, siku tatu kabla ya kukata roho, mzee alilileta swali lile lile kwa sauti iliyobaki kama pumzi, naye akajibu jibu lile lile. Safari hii mzee hakusema "vizuri". Alisema "Basi," akageuzia uso ukutani.

Miezi miwili baada ya maziko alikuja mkutubi wa maktaba ya mji, kijana mrefu mwenye miwani na haraka nyingi. Mama Pazia alijua anataka mapazia. Kumbe alitaka baba.

"Mama, kuna ule ukuta mrefu wa chumba cha kusomea," alisema akiwa bado amesimama. "Nataka kuujaza picha za Mzee Dumu. Mimi nimekulia mtaa wenye picha zake kila nyumba, halafu leo mtu akiulizwa alikuwa nani anasema ni yule aliyeandika bango la kinyozi. Haifai."

Ilikuwa kweli. Bango la kinyozi lilikuwa na miaka thelathini na kile kichwa chake chenye denge bado kinang'aa utadhani kimepakwa jana.

"Unahitaji ngapi?"

"Kumi na mbili. Lakini ziwe nzima, Mama, rangi zionekane. Mwisho wa mwezi halmashauri wanakaa. Nisipowaonyesha kitu, ukuta utakwenda kwa picha za wenyeviti waliopita, na hao nao ni wengi."

Mama Pazia hakupepesa macho. "Utazipata."

Alijua anachokitaka, na hakikuwa ukuta. Alitaka mji mzima usimame mbele ya kazi za baba yake bila mtu hata mmoja kucheka. Baba hangeona, hilo alilijua, lakini yeye angeona, na huenda kile kicheko cha siku ya harusi kingemtoka kifuani. Akafunga duka saa tisa, akalitia daftari kwenye mkoba, akaanza kuzunguka mji.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya muuguzi mstaafu, mama wa makamo ya bibi, aliyewahi kuwachoma sindano nusu ya watu wa mji. Daftari lilisema: "58. Kona ya mto. Mvua inakuja. Muuguzi."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na mzee. Umekuja kuiona picha yake? Ingia, ingia, ile pale."

Ilikuwa juu ya kochi, kwenye fremu safi isiyo na chembe ya vumbi. Mama Pazia aliitazama, akasogea, akaitazama tena. Ndani ya fremu mlikuwa na karatasi ya manjano. Chini palipita mstari wa kahawia hafifu, na pembeni doa la kijivu ambalo pengine lilikuwa mti. Basi. Mto ulikuwa umekwenda, kilima kimekwenda.

"Tazama lile wingu," alisema muuguzi, amesimama nyuma yake na kukunja mikono kwa raha. "Lile jeusi lenye buluu chini. Kila asubuhi nikinywa chai naliangalia, nasema leo litanyesha tu. Na yale maji yanavyokata kona! Miaka ishirini na sita, mwanangu, liko pale pale."

Mama Pazia aliangalia anakoonyeshwa. Hapakuwa na wingu.

Muuguzi hakuwa akidanganya, wala akili zake hazikuwa na kasoro. Alikuwa ameiangalia picha ile kila siku, na kila siku ilikuwa imepungua kidogo kuliko jana, kidogo mno, kiasi cha kutomshtua mtu. Rangi zilipohama karatasini zilihamia kwake.

"Ni nzuri sana, Mama," alisema Mama Pazia.

Akageuza uso ili asionekane, na hapo ndipo alipoona dirisha. Lilikuwa kubwa, linatazama magharibi, mkabala na kochi. Na pazia lililoning'inia pale, jeupe, jepesi, la kitambaa cha wavu, alilitambua kabla hata ya kuona mshono. Alilishona mwenyewe. Alikumbuka hata maneno aliyomwambia mteja siku ile akimpimia: chukua hiki, Mama, sebule yako itajaa mwanga.

Akaketi bila kukaribishwa.

Hakukata tamaa siku ile. Alienda kwa kinyozi, ambako namba 77 ilikuwa imetundikwa juu ya kioo, chini ya taa mbili zinazowaka mchana kutwa. Namba 77 ilikuwa imebaki na nyumba moja isiyo na kilima cha kuegemea. Alienda shuleni kwa mwalimu mkuu, akakuta bonde zima limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Alienda kwa mjane wa dereva wa magari ya mchanga, kwa fundi viatu, kwa jirani yao wa zamani. Siku nne alizunguka na daftari lake kama karani wa sensa, na kila nyumba ilimpokea vizuri, na kila nyumba ilimwonyesha kwa fahari karatasi iliyokufa. Waliompenda Mzee Dumu walimpa ukuta ulio bora kuliko zote sebuleni, na ukuta ulio bora kuliko zote ndio unaopigwa na jua. Hata zile alizozihamishia ukumbini, mwenyewe akishatoka tu, zilirudishwa mahali pa heshima.

Jioni ya nne alisimama mlangoni mwa duka lake, akainua kadibodi moja ya vipande vya mfano. Chini yake zambarau ilikuwa nzito, mbichi. Nusu iliyoachwa wazi ilikuwa majivu. Miaka yote aliwafundisha wateja somo hili, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba baba yake naye alikuwa ametengenezwa kwa rangi. Alijitukana palepale kwa sauti, mpita njia akadhani anatukanwa yeye.

Asubuhi yake akaenda kwa Pembe Nne.

Pembe Nne alikuwa fundi wa fremu na rafiki wa baba yake, mzee mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto na maneno machache. Karakana yake ilinuka gundi na maranda ya mbao. Mama Pazia aliweka mezani picha tatu alizoazima, akamweleza yote.

Mzee hakushangaa. Alichukua ile ya muuguzi, akailaza kifudifudi, akapitisha ncha ya kisu pembezoni mwa karatasi ya kaki iliyoziba mgongo wa fremu. Akaibandua taratibu. Nyuma ya picha palikuwa na mwandiko wa Mzee Dumu, ule ule wa mabango, ila mdogo:

"Mimi si shati. Usinianike juani."

Akabandua ya pili. Maneno yale yale. Ya tatu, vilevile.

"Aliandika zote?" aliuliza Mama Pazia.

"Zote."

"Sasa kwa nini mtu hajayaona?"

Pembe Nne aliweka kisu chini. "Kwa sababu mimi niliyaziba, binti yangu. Wadudu wanaingia kwa nyuma. Fremu isiyozibwa mgongo si fremu. Nilimwambia baba yako, maneno yako nitayafunika. Akasema funika, nitawaambia kwa mdomo. Akawaambia hadi wakamchoka. Si unakumbuka alivyokuwa akivua picha kwenye kuta za watu?"

"Nakumbuka," alisema, na uso ukamchoma.

"Basi ndiyo hayo."

"Kwa hiyo alijua zinakwisha."

"Alijua vizuri. Akikuta moja imekwisha huko majumbani, anakuja hapa, anakaa kwenye lile benchi, hasemi neno mpaka jua linazama. Nilimwambia, rafiki yangu, si uchore kwa zile za mafuta unazoandikia mabango? Zile hazifi. Akasema ukungu huwezi kuuchora kwa rangi ya kuandikia 'Nyama Safi'." Mzee akacheka kidogo, kisha kicheko kikamtoroka. "Ungemwona asubuhi yake, huyo na dumu lake, anarudi mlimani."

Pembe Nne alichukua kipande cha msasa, akaanza kusugua pembe ya fremu isiyohitaji kusuguliwa.

"Moja tu hakuniletea," alisema. "Ile ya harusi yako. Niliitengenezea fremu tupu, picha akaitia mwenyewe. Nilimtania, kuna siri gani huko nyuma? Akasema hiyo nyuma yake si ya kuzibwa. Hiyo ikoje sasa? Nayo imekwisha?"

Mama Pazia alifungua mdomo. Miaka kumi na tisa jibu lilikuwa limekaa tayari ulimini: haijapauka, iko vilevile kama siku ya kwanza. Lilimkwama.

"Sijawahi kuifungua," alisema.

Fundi hakumsema. Aliacha kusugua, basi.

Alifika nyumbani mchana, mumewe akiwa sebuleni anatengeneza pasi ya jirani. Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu wa kunyamaza mpaka aulizwe. Alipomwona mkewe anasukuma kabati la nguo peke yake, aliacha pasi, akaja kushika upande wa pili.

"Ulijua bado kiko hapa?" aliuliza mkewe.

"Nimehama nacho nyumba tatu. Nilijua."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningesema ungeona nakusimanga." Akavuta kabati, akatoa kile kifurushi, akakipangusa kwa kiwiko. "Kaa kitandani kwanza."

Kamba ya katani ilikatika yenyewe ilipoguswa. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya mkate, likavunjika vipande vipande mapajani mwake. Mchwa, alifikiri. Ukungu. Unyevu wa ile nyumba ya pili. Akaling'oa gazeti la mwisho kwa macho yaliyofumbwa nusu.

Ilikuwa asubuhi.

Ilikuwa ile barabara ya vumbi iteremkayo kutoka nyumbani kwao kwenda shule, na ukungu umelala bondeni, mweupe, karatasi yenyewe isiyoguswa na brashi. Nyuma yake kilima kilisimama kwa zambarau ambayo hakuwahi kuiona kwenye picha yoyote ya baba yake, kwa sababu zambarau ndiyo inayotangulia kufa. Kijani cha nyasi kilikuwa na maji ndani yake. Kila kitu kilikuwa kizima. Miaka kumi na tisa ya giza nyuma ya kabati haikuwa imegusa hata tone. Kati ya mia mbili na kumi na nne, aliyekuwa amemtunza Mzee Dumu ni yule aliyemcheka.

Kisha akaona kwenye kona ya barabara, chini kabisa, mahali ambapo kwa kawaida baba yake angeacha patupu, doa jekundu. Si kubwa kuliko punje ya mchele. Lilikuwa na miguu miwili myembamba na begi mgongoni.

Sweta. Alilivaa darasa la pili hadi la nne, jekundu kali, baba alimnunulia kubwa ili adumu nalo. Kila asubuhi aliteremka barabara ile bila kugeuka nyuma, na kumbe kila asubuhi kulikuwa na mtu amesimama mlangoni anamtazama mpaka apotelee kwenye kona. Mtu aliyesema binadamu hawachoriki kwa sababu hawatulii. Huyu alikuwa amemchora akienda zake.

Akaigeuza.

Hapakuwa na shati wala onyo. Palikuwa na mwandiko ule ule, safari hii mistari mitatu:

"Mwanangu, wewe ianike popote upendapo, hata juani. Usiionee huruma. Ikipauka, njoo nyumbani nikuchoree nyingine."

Mumewe alimshika bega, akamwachia, akamshika tena. Hakujua la kufanya, na hakukuwa na la kufanya. Mama Pazia alikuwa akilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata makaburini. Getini, kila mara, kwa miaka kumi na tisa, mzee alikuwa anamuuliza: hujawa tayari kuja? Naye akiwa mkono mmoja umeshika mlango wa gari anamjibu: bado, Baba. Hata kidogo. Na kule wodini, kwa pumzi za mwisho, alimuuliza tena. Akamjibu vilevile, akaona anampa faraja.

Ukuta wa maktaba ulipatikana. Mkutubi, alipoiona ile picha, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kesho yake akaibeba mwenyewe hadi kwa halmashauri. Waliofikiria wenyeviti waliopita wakanyamaza. Mama Pazia alisisitiza zile zilizokwisha zitundikwe pia, kumi na nne, na chini ya kila moja mkutubi akaandika maneno ya daftari: Kona ya mto, mvua inakuja. Bonde, jua la saa kumi. Ya kumi na tano, ile nzima, ilikaa katikati nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, zito, lenye bitana nyeusi, na kamba ya kuvutia pembeni.

Siku ya ufunguzi mji ulijaa pale hadi nje. Muuguzi mstaafu ndiye aliyevuta kamba kwanza. Alisimama mbele ya zambarau ile na ukungu ule muda mrefu. Kisha akageuka, akaenda polepole hadi ilipokuwa picha yake ya kona ya mto, akaiangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita akaona kilichokuwemo.

"Kumbe," alisema. "Kumbe nilikuwa naangalia nini mimi?"

Mama Pazia alimshika mkono. Walisimama wawili hivyo mbele ya karatasi ya manjano, na hakuna aliyecheka. Alichokitaka alikipata, na hakikumtoa kitu chochote kifuani.

Wiki tatu baadaye mkutubi alikuja dukani na furaha tele. Kulikuwa na sanduku la chuma, alisema, lisilopitisha mwanga wala unyevu. Picha itaingia humo, itatolewa mara moja kwa mwaka. "Mama, itakaa miaka mia. Nakuhakikishia. Miaka mia!"

"Nitaichukua leo," alisema Mama Pazia.

"Unaichukua? Uipeleke wapi?"

"Nyumbani."

"Lakini Mama, wewe ndiye unayejua kuliko mtu yeyote. Ukiitundika itaisha. Ile nyekundu haifiki hata miaka mitano."

"Najua."

"Si ndiyo pekee iliyobaki ya kuonyesha alichoweza!"

"Mwanangu," alisema, na hakuinua sauti, "hii haikuchorwa ikae miaka mia. Ilichorwa ili nirudi kwetu."

Kijana alimwangalia, akaona hakuna wa kubishana naye, akaenda kuivua ukutani.

Sasa ipo sebuleni kwake, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha la mashariki. Mumewe alipigilia msumari bila kuuliza swali. Kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani, Mama Pazia anakaa na kikombe chake cha chai, anafungua pazia na kuliacha jua liingie mpaka likalie lile sweta jekundu. Anaitazama mpaka chai inakwisha. Wakati mwingine husogea karibu sana, akaikagua kwa jicho lile analokagulia vitambaa, na juzi alipofanya hivyo aliona kilima kimeanza kulegea kidogo upande wa juu, zambarau imepungua nguvu.

"Imeanza kupauka, Baba," alisema.

Akakaa akisubiri, kikombe mkononi, hadi chai ikapoa.